Kiolesura cha kushikika: kupekua muziki wa kidijitali kwa mikono

Kiolesura cha kushikika ni kitu halisi unachokigusa, kukiweka au kukisogeza ili kompyuta itende jambo, bila kuhangaika na skrini. Kwenye muziki, nyimbo zinabaki kuwa mafaili ndani ya diski, simu au seva, ila njia ya kuzifikia ndiyo inayowekwa mkononi: kadi, kisanamu, hata chupa.

Mfano wa mwanzo haukuwa wa muziki. Mwaka 1992 Durrell Bishop, akiwa Royal College of Art jijini London, alibuni mashine ya kurekodi ujumbe wa simu ambayo kila ujumbe ukiingia ilitoa gololi. Ukiiweka gololi kwenye kishimo chake, unausikia ujumbe. Miaka mitano baadaye Hiroshi Ishii na Brygg Ullmer wa MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, waliiandikia fikra hii nadharia, na Ishii akaja na chupa za kioo zenye muziki: ng'oa kizibo, ala moja inalia, kirudishe, inanyamaza.

Siku hizi kinachotumika zaidi ni kadi au stika yenye chipu, teknolojia ileile ya kadi za kufungulia milango hotelini. Chipu haina betri. Inapata umeme kutoka kwenye mawimbi ya redio ya kisomaji, kwa kawaida ya megahezi 13.56, kisha inajibu kwa kutaja namba yake. Programu inaitafuta namba hiyo kwenye orodha na kupiga albamu iliyofungamanishwa nayo. Kwa hiyo ndani ya kadi hamna hata wimbo mmoja. Ikipotea, unachapa nyingine. Ukiichoka albamu, kadi hiyohiyo unaipangia kazi mpya.

Toniebox, iliyoingia sokoni Ujerumani mwaka 2016, imewalenga watoto wasiojua kusoma. Ni kiboksi laini kisicho na skrini. Mtoto anasimamisha kisanamu juu yake, sauti inaanza. Akibana sikio kubwa la kiboksi, sauti inapanda. Akibana dogo, inashuka. Akikipiga kofi ubavuni, kinaruka kipande. Wenye kupenda ufundi hujitengenezea chao kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kisomaji cha kadi na spika, wakitumia programu ya bure iitwayo Phoniebox.

Cover Flow, ile ya majalada ya albamu yaliyokuwa yakipinduka kwenye skrini ya iTunes, programu ya muziki ya Apple, kuanzia 2006, siihesabu humu. Macho yalifurahi, lakini mkono ulikuwa bado kwenye kipanya.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kupekua. Kisanduku cha kutafutia kinakudai jina kabla hakijakupa chochote, na jina ndilo usilolikumbuka. Ukiwa na rundo la kadi zenye picha za majalada, unapitisha vidole tu, na albamu uliyoisahau inajitokeza yenyewe. Mgeni naye anaweza kuchagua bila kuomba nywila ya simu yako.

Kasoro zipo. Mwenye nyimbo elfu ishirini hawezi kuchapa kadi kwa kila moja; atachagua albamu chache anazozipenda, zilizobaki azitafute kwenye skrini kama zamani. Na kama kadi imeelekezwa kwenye huduma ya mtandaoni, siku albamu ikiondolewa huko, kadi itasomwa vizuri lakini hakuna kitakacholia. Anayetaka kadi zidumu aweke mafaili kwenye diski yake mwenyewe, na nakala ya pili pembeni.