Kabla ya jina la ndege, uliza anafanya nini

Chati ya ndege inayobandikwa kwenye kuta za madarasa mara nyingi huwa na mbuni, flamingo na tai. Mtoto wa gredi ya nne pale Kisauni atawataja wote bila kukosea, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga uwanja wa shule yake. Mtoe nje, mwonyeshe mnana aliyening'inia kichwa chini kwenye kuti la mnazi. Atakwambia ni "ndege wa manjano", na habari imekwisha.

Mimi nafundisha elimu ya mazingira, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa shule za msingi hapa Mombasa, kisiwani na ng'ambo zote. Jambo ninalowaomba walimu kuliko yote ni kubadilisha swali la kwanza. Tusianze na "huyu ni ndege gani?" Tuanze na "huyu anafanya nini?" Jina likishatajwa, mtoto huliandika, hufunga daftari na kumwacha ndege aende zake. Akiulizwa ndege anafanya nini, hana budi kusimama na kutazama, kwa sababu jibu haliko kitabuni wala kwa mwalimu. Liko pale juu ya mti.

Wa kwanza awe kunguru. Najua walimu wengi wangependa kuanza na ndege wa kupendeza zaidi, lakini kunguru yuko kila shule, haogopi watu, na kila mtoto ana kesi naye, ikiwa si ya mandazi basi ni ya viazi karai. Mapumziko yakiisha, waweke watoto barazani na uwaambie wautazame uwanja uliojaa makombo. Wataona kwamba kunguru hatui moja kwa moja kwenye chakula. Hutua kando, hukisogelea kwa kurukaruka upandeupande, hudokoa, hurudi nyuma, kisha hukijia tena. Kipande kikiwa kikubwa huruka nacho, na pengine hukificha ili aje akile baadaye. Ukimwuliza mtoto kwa nini anaogopa kitu kisicho na uhai, mkate, utasikia majibu ya maana kuliko unavyotarajia.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Asia ya Kusini, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890, na Mombasa alirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Mwenyeji ni yule mwenye kifua cheupe, ambaye siku hizi mjini ni wa kutafutwa. Watoto wanaosoma madrasa hunikatiza hapa kwa kisa cha Qabil, aliyeonyeshwa na kunguru jinsi ya kumstiri ndugu yake ardhini, na mwingine hudakia na hudihudi wa Nabii Suleiman aliyeleta habari za malkia wa Sabaa. Mimi hufurahi sana, maana wameshajua kwamba ndege ni wa kuzingatiwa. Hapo huwauliza: mdomo ule wa hudihudi, mrefu na uliopinda, ni wa kazi gani? Akionekana kwenye nyasi anatembea huku anachokoachokoa ardhi, jibu wanalipata wenyewe.

Kunguru pia huleta swali gumu, nami silikwepi. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na ndiyo sababu mojawapo ya ndege hao kupungua kwenye viambaza na bustani zetu. Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Watoto wanasikia mambo haya kwenye redio na nyumbani, kisha wanauliza: "Mwalimu, ni haki kuwaua? Wao hawakujileta." Mwalimu asilizime swali hilo. Gredi ya tano na ya sita wanaweza kulijadili vizuri, wakaanza na lile lililo mikononi mwao, yaani taka. Kunguru hustawi palipo na mabaki ya chakula, kwa hiyo pipa la shule lisilo na kifuniko ni meza yake. Na kwa sababu sumu imewahi kutumika dhidi yao, mtoto akiona kunguru aliyekufa asimguse, amwite mtu mzima.

Baada ya kunguru, nenda kwa mnana. Hapa ndipo ningependa mwalimu atumie muda mwingi, vipindi vitatu au vinne ikiwezekana, kwa sababu mnana hujenga mbele ya macho ya watu na hana haya. Msimu wa mvua ndio wake. Tafuta mnazi au mti unaoinamia maji, uwaketishe watoto mbali kidogo, kila mmoja achague kiota kimoja na dume mmoja asimwachie.

Kitu cha kutazama kwanza ni jinsi anavyopata uzi. Dume hutua kwenye kuti bichi, huuma ukingo wa jani karibu na shina, kisha huruka kuelekea ncha huku ameuma vile vile. Jani linachanika kwa urefu wake, uchane mmoja mwembamba, naye huondoka nao ukipepea nyuma yake. Kwenye tawi anaukanyaga kwa mguu, anauzungusha, anauchomeka, anauvuta upande wa pili, anarudia. Kazi huanza na pete anayoweza kusimama ndani yake. Kutoka kwenye pete hiyo chumba hujengwa upande mmoja na mlango upande wa pili, ukitazama chini. Akimaliza, huning'inia mlangoni akipigapiga mabawa na kupiga kelele, anaita majike. Jike huja, huvutavuta nyuzi, huingia, hutoka, na mara nyingi huenda zake. Kiota kikikaa bila mwenye nyumba mpaka majani yakakauka na kugeuka rangi, dume hukivunja na kuanza upya. Siku moja kule Likoni msichana mdogo alinivuta shati kwa hasira kabisa: "Mwalimu, mbona abomoa nyumba yake mwenyewe?" Sikumjibu. Nilimwambia amtazame jike alipoingia alivuta nini, na uzi uliokauka una tofauti gani na ule mbichi. Mwishowe yeye ndiye aliyewaeleza wenzake.

Kurudi darasani, wape watoto miyaa. Wengi wana nyanya au shangazi anayesuka mikeka, kwa hiyo si kitu kigeni. Masharti ni mawili: mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo, na mkono wa pili utumie vidole viwili tu, ndio mdomo. Wafunge uchane mmoja kwenye kijiti usianguke. Hakuna somo la kuzungumzia jitihada za mnana ninaloweza kuliandaa likafikia dakika zile kumi za vidole viwili.

Chozi, yule ndege anayefyonza maji matamu ya maua, ni mdogo na mwepesi kupotea machoni, ila akizoeleka kwenye maua ya mpapai au ya shubiri karibu na darasa, atakuja kila siku. Watoto wataona mdomo uliopinda unavyoingia kwenye ua. Ambalo hawalitarajii ni kwamba kiota chake kinashikamanishwa kwa utando wa buibui, na kwamba makinda yake hulishwa wadudu na buibui. Mwombe mhudumu anayefagia asiondoe utando kwenye ukuta wa nyuma wa shule, angalau pembe moja. Ukimwona chozi anadonoa utando ukutani, liite darasa zima!

Wanyama wa chini wapewe heshima hiyo hiyo. Shule nyingi hapa huwapeleka watoto Haller Park kuona twiga na viboko, lakini mnyama aliyefanya kazi kubwa pale ni jongoo. Pale palikuwa machimbo ya kampuni ya saruji ya Bamburi, jiwe tupu la matumbawe. Kuanzia mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo, alipanda miti ya mivinje, ikaota, lakini majani yake makavu yakabaki yamerundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo, wakayala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mlolongo wote huo unaweza kuonekana kwenye beseni: majani makavu, udongo kidogo, maji ya kunyunyiza, majongoo wawili watatu, na kitambaa juu. Baada ya wiki watoto wanaona vidonge vidogo vyeusi chini ya majani. Majongoo warudishwe walikotolewa, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu maji yanayowatoka huacha madoa na huwasha machoni.

Kabla ya beseni hilo, mtoto ajue kutofautisha jongoo na tandu. Jongoo ni wa mviringo, huenda polepole, hujikunja akiguswa, na sehemu kubwa ya pingili zake zina jozi mbili za miguu. Tandu ni bapa, mbio, jozi moja kila pingili, na huuma vibaya. Hapa tena kitendo ndicho kinachomsaidia mtoto: anayejikunja na anayekimbia. Nge, nyigu na majimoto, wale chungu wakali wa kwenye mwembe, hutazamwa kwa macho tu, wala sitaki kusikia mwalimu amempandisha mtoto mti wenye majimoto. Mawe na magogo hufunuliwa na mtu mzima, tena kwa kijiti.

Kinyonga ana shida yake. Watoto wengi wameambiwa ana sumu au ni nuksi, na wakimwona humpiga mawe. Hana sumu. Sibishani na mambo ya wazee mbele ya watoto; huwapa kazi ya kutazama jicho moja linaangalia wapi na la pili linaangalia wapi. Dakika tano hivi wanakuwa upande wake, na mwenye jiwe analiweka chini bila kuambiwa.

Na kuna wale wavulana wenye manati. Walimu huwanyang'anya na kuwafukuza kwenye klabu ya wanyamapori ya shule. Mimi nawataka wawe wa kwanza kujiunga, maana wao wanajua tetere analala mti gani, shore anakula mwarobaini wa nyuma ya choo saa ngapi, na tipitipi anajificha kichaka kipi. Ujuzi huo hakuna mwalimu aliye nao. Mpe mvulana huyo daftari la klabu alitunze, awe ndiye anayewaongoza wenzake, na manati aiache kwako kwa hiari yake. Vilabu vya wanyamapori mashuleni vilianza Kenya mwaka 1968, na pale ambapo klabu imelala, huenda ni wavulana hawa wanaokosekana.

Kuhusu vifaa, usisubiri darubini. Darubini moja kwa watoto hamsini ni ugomvi, si somo. Kinachofaa ni makundi madogo, mahali pamoja pale pale kila wiki, na saa ile ile, ikiwezekana kabla ya saa tatu asubuhi jua halijawa kali. Daftari liwe na tarehe, hali ya hewa, mahali, na sentensi moja ya kitendo: "Anavuta mnyoo", "Anamfukuza kunguru". Jina liandikwe kwa penseli, likosolewe baadaye. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya wakifika kati ya Septemba na Oktoba, na wakitoweka mwezi wa nne, daftari hilo litaonyesha, na watoto watauliza wanakwenda wapi bila wewe kuwachokoza.

Shule zilizo karibu na hori la Tudor zina bahati ya ziada ya mikoko na matope, ambako kitwitwi na wenzake huchokoa chakula, wengi wao wakiwa wageni kutoka kaskazini ya mbali. Ila mwalimu aangalie kwanza nyakati za maji kabla ya kupanga kutoka. Nendeni maji yakipwa. Yakijaa, mtakuta mikoko imesimama majini na kitwitwi hakuna hata mmoja.