Nguruwe Mweusi wa Kwetu na Dume wa Kuazima

Kule Walungu, Kivu Kusini huko Kongo, mama mmoja alinionyesha uzao wa watoto 7 wa nguruwe wake. Wawili walikuwa na henia ya kitovu, yaani utumbo umetokeza kitovuni. Mmoja tumbo lilimvimba kama ngoma: alizaliwa bila tundu la haja. Mama akaniuliza nani amemroga. Nikamwuliza dume alitoka wapi. “Ni yuleyule wa jirani, daktari. Ndiye aliyemzaa huyu mama yao.”

Basi hapakuwa na uchawi. Dume akimpanda binti yake, kasoro zilizojificha katika damu ya ukoo hukutana, na watoto huzaliwa wachache, dhaifu au wenye ulemavu. Halafu watu husema mbegu ya kienyeji imechoka, wanaiuza yote na kutafuta nguruwe weupe wa kizungu.

Mimi mbegu hii naitetea. Nguruwe wetu mweusi, mwenye pua ndefu na mwili mdogo, hukua taratibu na mara nyingi huzaa watoto 6 hadi 8 tu. Lakini hushiba majani ya viazi vitamu, pumba na machicha ya pombe, jua halimbabui ngozi kama yule mweupe, na hulea watoto wake vizuri. Large White, mmoja wa hao weupe, aliyetoka Yorkshire huko Uingereza, anataka chakula kizito kila siku. Mwenye mafranga ya chakula hicho amfuge. Asiye nayo atakondesha mnyama mzuri bure.

Jike wa mbegu mchague kwa mama anayezaa wengi na kuwakuza. Hesabu chuchu: zisipungue 12, ziwe zimepangana vizuri, isiwepo iliyodidimia. Joto, yaani hamu ya kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Uke huvimba na kuwa mwekundu, na ukimkandamiza kiuno anasimama tuli. Mimba ni siku 114, yaani miezi 3, wiki 3 na siku 3.

Sasa hesabu ya dume. Akipanda tarehe 10 Januari, watoto watazaliwa karibu na tarehe 4 Mei. Majike wa kienyeji huwahi kupevuka, wengine kwa miezi 4 tu, kwa hiyo kufika Septemba mabinti zake wanaweza kumpokea. Kabla ya hapo, ama yeye ahame, ama wao watengwe.

Kumhamisha nako kuna hatari, na hapa naomba tusikilizane sana. Dume wetu hutembezwa nyumba kwa nyumba, malipo yake ni mtoto mmoja wa uzao. Njia hiyohiyo hupitisha homa ya nguruwe ya Afrika: homa kali, ngozi nyekundu au ya zambarau masikioni na tumboni, kisha vifo. Haina dawa, na huyu wa kienyeji naye inamuua. Mtu haimwambukizi, ila viatu vyake huibeba, na makombo ya nyama ya nguruwe pia. Dume mgeni akae peke yake wiki 4, awe na ndoo yake ya chakula, na anayemlisha aanze na wale wa nyumbani kwanza.

Mama yule amebadilishana dume na mfugaji wa Kabare. Dume huyo mgeni yuko nyuma ya nyumba, leo ni siku ya 12, na anakula vizuri.