Je, wajua gari la umeme linaweza kubadilishiwa betri kama mtungi wa gesi?

Hapa Ngamiani, Tanga, gesi ikiisha maharage yakiwa bado hayajaiva, hakuna anayekaa kusubiri mtungi wake ujazwe. Unaufunga kwenye baiskeli, unaupeleka dukani. Mwenye duka anauweka uliojaa juu ya mzani uone kilo, anapaka povu la sabuni kwenye valvu kuangalia kama inavuja, mnamalizana. Mtungi ule ulijazwa siku nyingi, wewe ukiwa na shughuli zako.

Gari la umeme nalo linaweza kuhudumiwa hivyo. Chukua betri ya kilowati-saa 75. Soketi ya nyumbani ya volti 230 na ampea 13 hutoa kama kilowati 3, kwa hiyo betri itachukua saa 25 kujaa. Ukitaka ijae kwa dakika 3 utahitaji kilowati 1,500, yaani soketi 500 kwa mpigo! Na hata umeme huo ukipatikana, betri itaumia: lithiamu ikisukumwa kwa pupa haiwahi kupenya ndani ya grafaiti (ile kaboni ya ndani ya betri inayoihifadhi), inabaki juu kama utando, na betri inachoka mapema.

Kituo cha kubadilisha huchaji betri taratibu kabla hujafika. Vituo vya kizazi cha tatu vya NIO, kampuni ya China, hubeba betri 21 na vinaweza kuhudumia magari 408 kwa siku. Mitambo hufungua bolti chini ya gari, hushusha betri yenye uzito wa karibu nusu tani, hupandisha nyingine. Dakika 5 hazifiki.

Mbona basi hatuvioni kila mahali? Mtungi haujali sufuria yako ni ya nani, lakini kila kiwanda cha magari kina umbo lake la betri. Kampuni ya Better Place, iliyoanzishwa na Shai Agassi mwaka 2007, ilijenga vituo Israel na Denmark kwa ajili ya gari moja tu, Renault Fluence. Mwaka 2013 ikafilisika. Tena kuna wasiwasi wa haki kabisa: nani atoe betri mpya apewe kuukuu? Tangu 2020 NIO humruhusu mteja anayetaka anunue gari bila betri, betri akaikodi.

Kigali na Nairobi wameanza na pikipiki, ambazo betri yake inabebeka kwa mikono. Nami naona Tanga tungeanzia hapo hapo, kwa sababu bodaboda wa Chumbageni hurudi kijiweni kwake mara nyingi kwa siku, na kijiwe kimoja chenye betri zilizojaa kingewatosha wengi.