Gesi ya kiyoyozi haiishi

Kaskazi ikianza kuvuma, simu za mafundi wa viyoyozi Tanga zinafunguka kwa sentensi moja, mteja awe Raskazone, Chumbageni au Kange: "Fundi, AC haipozi, njoo uniongezee gesi." Mteja ameshapima, ameshatambua ugonjwa na ameshaandika dawa. Fundi asiyetaka maneno mengi anafika na mtungi, anaongeza, analipwa, anaondoka. Mwaka unaofuata ni yale yale, na nyumba nzima inaamini kwamba kiyoyozi hujazwa gesi kila mwaka kama gari linavyobadilishwa oili.

Gesi ya kiyoyozi haiishi.

Pengine neno lenyewe ndilo linalotuponza. Gesi tuliyoizoea ni ya jikoni: unaichoma, inapungua, unapeleka mtungi dukani. Ya kwenye kiyoyozi haichomwi wala hailiwi na kitu. Kompresa inaikandamiza, inapita kwenye koili ya nje ikitema joto na kugeuka kimiminika, inapenyezwa kwenye njia nyembamba presha inashuka, inaingia koili ya ndani ikiwa baridi na kunyonya joto la chumba, kisha inarudi kwa kompresa. Njia yote imefungwa. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kufanya kazi mpaka siku ya kutupwa ikiwa na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kwa hiyo ikipungua, imevuja. Na ikiwa imevuja, kuongeza bila kuziba ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, tena maji ya kununua.

Inavujia wapi? Anza na nati za shaba zinazounga mabomba, mbili kwenye mashine ya nje na mbili nyuma ya mashine ya ndani. Fundi akikaza kupita kiasi, mdomo wa bomba uliopanuliwa unapasuka ufa mwembamba kama unywele. Akilegeza, unavuja tangu siku ya kwanza. Angalia pia vali ya kujazia: pini yake ndogo huvuja taratibu kama kifuniko cha shaba hakikurudishwa, na ni ajabu ni viyoyozi vingapi havina kifuniko hicho. Halafu kuna mabomba yanayosuguana mashine ikitetema. Na kwetu pwani kuna chumvi. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, Sahare au Raskazone, koili ya nje huliwa taratibu: kwanza vibati vyembamba vya alumini vinageuka unga mweupe, kisha kona za mabomba zinaanza kutoboka.

Dalili inaonekana kwa macho. Ndani ya mzunguko, gesi inatembea na mafuta ya kompresa, kwa hiyo panapovuja pananata na kushika vumbi jeusi. Chukua sabuni ya kuoshea vyombo, ikoroge kwa maji kidogo mpaka ipate povu zito, paka kwa sponji kwenye kila nati na usubiri dakika mbili. Povu likianza kuchemka taratibu, hapo ndipo pesa yako inapopotelea.

Kazi ya kweli inakwenda hivi. Gesi iliyobaki inakusanywa kwenye mtungi, haiachiwi hewani. Panapovuja panazibwa: bomba linakatwa na mdomo wake kupanuliwa upya, au linachomelewa. Mzunguko unajazwa naitrojeni, kwa mashine zinazotumia gesi za aina ya R410A na R32 hadi presha ya psi 400 hivi, na unaachwa saa kadhaa geji ikitazamwa. Naitrojeni, tafadhali. Oksijeni ya mtungi wa kuchomelea ikikutana na mafuta ya kompresa kwa presha inalipuka, na fundi anayeitumia kupima anacheza na roho yake na zenu. Baada ya hapo pampu ya vakyumu inanyonya hewa na unyevu kwa nusu saa au zaidi, mpaka kipimo cha hewa iliyobaki kishuke chini ya maikroni 500. Pampu inazimwa, vali inafungwa, mnasubiri dakika kumi kuona kama kipimo kinapanda. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na mafuta ya kompresa za R410A na R32 yanaunyonya kama sifongo. Unyevu ukibaki ndani unageuka asidi na kutafuna kompresa. Fundi anayesema vakyumu si lazima anakuandalia kompresa mpya.

Mwisho gesi inapimwa kwa mizani. Kibandiko cha mashine ya nje kinaandika aina na uzito, tuseme R32, kilo 0.7. Mabomba yakiwa marefu kuliko yale ambayo gesi ya kiwandani inayatosha, kitabu cha mashine kinasema uongeze gramu ngapi kwa kila mita. Mtungi wa R410A unapinduliwa ili itoke kimiminika, kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi mbili, R32 na R125, nusu kwa nusu. Usikubali R22 itiwe kwenye mashine ya R410A eti "zote ni gesi". Na R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo sigara na jiko vikae mbali.

Hapa ndipo geji inapotumika kudanganya, mara nyingine bila fundi mwenyewe kujua. Mashine ikiwa imezimwa, geji haikuambii kiasi cha gesi. Katika joto la nyuzi 30, R22 itasoma karibu psi 158 na R410A karibu 260, mashine iwe imejaa au imebaki nusu, ilimradi ndani kuna kimiminika. Ikiwa inafanya kazi, R22 husoma takriban 65 hadi 75 upande wa presha ndogo, R410A na R32 takriban 115 hadi 140. Mashine za inveta zinabadilisha kasi ya kompresa, na namba zinapanda na kushuka nayo. Fundi akikuonyesha sindano tu na kusema "unaona, gesi imeisha", mwulize imevujia wapi. Asipokuwa na jibu, asifungue mtungi.

Na mara nyingi hakuna gesi iliyopungua hata gramu moja. Ni uchafu. Chujio lina vumbi, koili ya ndani imeziba, feni ya mviringo iliyo ndani imejaa ukungu mweusi, koili ya nje imevaa koti la vumbi na chumvi. Kabla ya kumwita mtu, osha chujio, washa nyuzi 24 kwa feni ya kasi kubwa, ngoja dakika 15, kisha pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, mashine inapoza. Tatizo ni dirisha, jua au ukubwa wa chumba. Ukiona barafu, tazama iko wapi. Bomba jembamba na kipande kimoja cha koili tu, shuku gesi. Koili nzima mpaka bomba nene, hewa haipiti: zima upoozaji, acha feni pekee mpaka iyeyuke, na usiikwangue kwa kisu. Kompresa ikivuma kisha ikazima bila kuanza, kapasita, kifaa kinachoisaidia kuanza, huenda imechoka. Ya maikrofaradi 35 ikipimwa chini ya 33 hivi, badilisha. Kapasita inabaki na umeme hata swichi ikizimwa, kwa hiyo hiyo mwachie fundi.

Kipindi cha kaskazi chujio lioshwe kila wiki mbili. Walio karibu na bahari waoshe koili ya nje kila mwezi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, presha ndogo, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka. Asidi ya kusafishia choo isiguse koili: inang'arisha siku moja na kula alumini miezi yote inayofuata.

Kisha kuna kauli za mtaani zinazohitaji kujibiwa. "Weka 16 ipoze haraka." Kompresa ya kawaida ina kasi moja, na ya inveta, chumba kikiwa na joto, huanza kwa nguvu karibu ile ile ukiweka 16 au 24. Tofauti ni kwamba ya 16 haifiki, haipumziki, na umeme wa LUKU unakwenda. Weka 25 na uwashe pangaboi.

"Nunua kubwa, bora zaidi." Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari kinatosheka na kiyoyozi chenye nguvu ya kupoza ya BTU 9,000. Ukifunga 24,000, inapoza upesi na kuzima kabla haijakausha hewa, unabaki na chumba baridi chenye unyevu na nguo zinaota ukungu kabatini.

"Breka inakatika, weka kubwa zaidi." Breka inalinda waya, si kiyoyozi. Waya wa milimita 2.5 kwenye bomba la ukutani ni wa breka ya ampia 20. Ukiweka ya 32, waya unaweza kuungua kimya kimya ukutani na breka isijue. BTU 12,000 huvuta ampia 5 hivi tu. Breka ikikatika, kuna kitu: kompresa inagoma, au hita ya bafu ya wati 5,500, inayovuta karibu ampia 24, imeungwa kwenye laini ile ile. Hita hiyo ipewe laini yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita 6, breka ya 32. Kiyoyozi nacho kiwe na laini yake.

"Waya wa ethi hauna kazi, mbona kinawaka bila huo?" Ethi ni waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kinawaka bila huo, ndiyo, mpaka siku waya wa umeme unapogusa bati la mashine ya nje na mtoto akalishika akiwa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Kuufunga kwenye bomba la maji hakusaidii, mabomba ya siku hizi ni plastiki. Na ardhi ya matumbawe ni ngumu kupitisha umeme, hivyo rodi moja iliyogongwa nusu mita mpaka ikagoma si ethi. Mara nyingi zinahitajika mbili au zaidi, zikiwa mbalimbali na zimeunganishwa, kisha fundi mwenye leseni ya EWURA azipime kwa mita ya ethi. Breka ya kuvuja, ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30 ifungwe pia, na ikikatika masika yote, tafuteni maji yalipoingia, msiiruke kwa waya.