Reload ya Metallica si makombo ya Load

Mashabiki wengi wa muziki wa metali wanaamini kwamba Reload, albamu ya Metallica ya Novemba 1997, ni mabaki tu: nyimbo zilizokosa sifa ya kuingia Load ya Juni 1996. Jina lenyewe linachochea dhana hiyo. Ukweli ni kwamba nyimbo za albamu zote mbili zilitungwa kipindi kimoja, na bendi ilikusudia kutoa albamu moja yenye diski mbili. Kukamilisha nyimbo zote 27 kwa mkupuo kungewafungia studioni muda mrefu mno, wakaamua kugawa: 14 zikatangulia, 13 zikasubiri. Waliochelewa foleni wakaonekana walifeli.

Hata hizo 14 zilijaa pomoni. Load inakaribia dakika 79, ukingoni kabisa mwa uwezo wa CD ya wakati ule. Wimbo wa mwisho, The Outlaw Torn, ilibidi ukatwe kama dakika moja ili uenee. Toleo kamili likatoka baadaye kwenye singo ya The Memory Remains. Hapo ubora hauhusiki hata kidogo, tatizo lilikuwa nafasi.

Usiipende Reload, ni haki yako. Mimi mwenyewe naona katikati inapwaya. Lakini sikiliza Fixxxer inayoifunga, zaidi ya dakika nane za gitaa zito linalotambaa taratibu, kisha uniambie ni wimbo gani wa Load unaoweza kuiita Fixxxer makombo.