Kumwambia mtu amekosea mbele ya wajukuu wake

Vijana wanaoniandikia kutoka Kakamega, Busia na hapa Kisumu wakitaka kuwa watangazaji wa vipindi vya chemshabongo huniuliza kwanza habari za sauti. Wafanye mazoezi gani ili iwe nzito? Sauti utaizoea. Mimi nikitaka kumpima mtu kwa kazi hii, nampa kadi yenye swali na jibu, namketishia mshiriki mbele yake, kisha nangoja mshiriki akosee.

Washiriki wanaingia watatu na kushinda anashinda mmoja. Wale wawili wanatoka mikono mitupu, majirani wakiwatazama, na wewe ndiwe uliyewatoa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yako ni kushughulika na watu walioshindwa.

Chukua mfano. Tuko ukumbini Kondele, na mzee mmoja amekuja na wajukuu wake. Swali: ni Mkenya gani wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki? Mzee anawahi kitufe na kutamka kwa fahari, "Kipchoge Keino!" Mtangazaji mbichi hupaza sauti, "Umekosa!", ukumbi ukaangua kicheko, na mzee hajibu tena swali lolote jioni hiyo. Mwingine mwenye huruma nyingi ataanza kumfariji: Keino naye alipata dhahabu mwaka huohuo, aliyemtangulia ni wa mbio ndefu zaidi... Huyo ameharibu vilevile, kwa kuwa swali bado ni hai na wale wawili wameshapewa dokezo la bure.

Linalotakiwa ni maneno machache, macho yakiwa kwake: "Si Keino, mzee wangu." Basi, swali linahamia kwa wengine. Jina la Naftali Temu likishatajwa, ndipo unamrudia: "Mexico City 1968 ulifika kweli, mzee. Temu alichukua ya mita 10,000, Keino akafuata siku chache baadaye na ya 1,500." Watu watacheka, ila sasa wanacheka pamoja naye.

Aliyeimudu kazi hii kuliko wengi ni Alex Trebek, Mkanada aliyeendesha Jeopardy!, chemshabongo ya runinga nchini Marekani, kuanzia 1984 hadi alipofariki Novemba 2020. Mwaka wa 2014 aliingia kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa kuendesha vipindi 6,829 vya mchezo mmoja. Watu humsifu kwa ujuzi mwingi, lakini majibu alikuwa nayo mkononi! Ninachomsifia mimi ni maandalizi. Walirekodi vipindi vitano kwa siku, na asubuhi ya siku hiyo aliyapitia maswali yote, akiweka alama penye matamshi magumu. Kati ya kipindi na kipindi alibadilisha suti ili mtazamaji aone ni siku nyingine. Cha tano kilihitaji uchangamfu uleule wa cha kwanza, kwa sababu kwa mshiriki wa kipindi cha tano hiyo ndiyo siku yake pekee.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mashindano yetu ya shule yangefaa kuliiga. Mwanzoni mshiriki wa Jeopardy! aliweza kubonyeza hata katikati ya swali. Tangu 1985 vitufe hufunguliwa baada ya mtangazaji kumaliza kusoma, na anayewahi hufungiwa kwa robo sekunde. Huku kwetu ukisema tu "Reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901...", kengele imeshalia na mtoto anapiga kelele "Kisumu!", na kumbe swali lilitaka jina la zamani la kituo, Port Florence. Hivyo usomaji wako ni sehemu ya mitambo. Ukiharakisha kwa mmoja na kuvuta kwa mwingine, umependelea, hata kama hukukusudia.

Na upendeleo humwandama mtangazaji hata pale asipoupanga yeye peke yake. Ilipogundulika kuwa washiriki wa Twenty-One, chemshabongo ya runinga ya Marekani, walipewa majibu mapema, mmoja wa washindi wake, Charles Van Doren, alikiri mbele ya Bunge la Marekani mwaka wa 1959, na mwaka uliofuata sheria ikafanya hila za namna hiyo kuwa kosa la jinai. Jack Barry, mtangazaji na mmoja wa wenye mchezo, alikaa takriban muongo mzima nje ya runinga za kitaifa. Prodyuza akikunong'oneza umsaidie fulani kwa sababu watazamaji wanampenda, kumbuka uso unaoonekana ni wako.

Hapa Kenya jina la kuiga ni John Sibi-Okumu, aliyewauliza maswali wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika katika Celtel Africa Challenge, iliyoitwa baadaye Zain Africa Challenge. Mtulivu, hana papara, na swali hupewa heshima yake.

Njia ya kuingilia ni ileile: harusi, mahafali, rodishoo za sabuni sokoni, kisha redio. Tangu kuhamia dijitali mwaka wa 2015 stesheni zimeongezeka, lakini chemshabongo hutegemea mdhamini wa zawadi, naye akiondoka kipindi kimekwisha. Usiache kazi za uemsii. Na kabla ya kutia sahihi, soma kifungu cha malipo: dai ulipwe kwa kila kipindi kilichorekodiwa, si kilichorushwa. Vipindi vingi hurekodiwa na kubaki kabatini.