Kijana anataka kufuga panya wa kumlisha chatu: maswali ya mama yake

Maswali haya ameniletea dada mmoja Mtanzania anayeishi Minneapolis, Marekani. Mwanawe wa miaka 16 anafuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Kijana amechoka kununua panya wa kugandishwa, akaleta panya hai wanne, madume wawili na majike wawili, akawaweka gereji. Nyumbani yupo pia mdogo wake wa miaka 3. Dada huyu halali kwa kumwogopa nyoka. Mimi ningewaogopa zaidi panya.

Panya wenyewe ni weupe, wasafi, wametoka kwa mfugaji. Si wa jalalani. Watakuwa na ugonjwa gani?

Manyoya masafi hayakuambii kitu. Desemba 2016, jimboni Wisconsin, mtu aliyekuwa akifuga panya kama mia moja nyumbani kwake alilazwa hospitali akiwa na homa. Wengi wa panya wake walikuwa wa kupendwa tu, wala hawakuwa chakula cha nyoka. Kumbe alikuwa na virusi vya Seoul, ambavyo hubebwa na panya wa kahawia. Na hao weupe wa dukani ni jamii ileile ya panya wa kahawia, rangi tu ndiyo imebadilika. Wataalamu walipofuatilia panya walikouzwa na kubadilishanwa, walikuta maambukizi sehemu 31 katika majimbo 11. Watu 183 wa Marekani na Kanada walipimwa, 24 wakakutwa na kingamwili za virusi hivyo, yaani alama kwenye damu kwamba waliwahi kuambukizwa. Watatu walilazwa, hakuna aliyekufa.

Panya mwenye virusi hivi haonyeshi dalili. Anakula, anacheza, anazaa, na anavitoa kwenye mkojo, kinyesi na mate. Binadamu huvipata kwa kuumwa, au kwa kuvuta vumbi la maranda yaliyolowa mkojo kisha yakakauka. Homa, kichwa, mgongo na tumbo huanza kuuma wiki 1 au 2 baadaye. Wachache figo hushindwa kufanya kazi.

Ni hivyo virusi tu?

Hapana. Homa ya mgunda unaikumbuka: mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, iliua watu watatu. Panya ni miongoni mwa wanyama wanaoibeba, na mkojo ndio njia yake. Kuna homa ya kuumwa na panya, nitaieleza chini. Kuna salmonela, inayoharisha watu na kuwabana zaidi watoto wa chini ya miaka 5.

Ila kinachowapata wengi hakina jina la kutisha: ni mzio. Protini za mkojo wa panya zikipeperuka na vumbi huanzisha chafya, macho kuwasha, na kwa wengine pumu. Wafanyakazi wa maabara wanalijua tatizo hili vizuri. Niliwahi kuingia gereji ya mfugaji mmoja, makreti ya plastiki yamepangwa hadi darini, chupa moja ya maji inavuja juu ya maranda. Kabla sijawaona panya, macho yalishaanza kutoa machozi kwa harufu ya amonia. Mwenyewe alishazoea, hasikii chochote. Huyo ndiye aliyenitia wasiwasi.

Lakini ni panya wanne tu, kwa nyoka mmoja.

Tupige hesabu. Chatu huyo akishakua anakula panya mmoja kila wiki 1 au 2, yaani 26 hadi 52 kwa mwaka. Panya jike hubeba mimba siku 21 hadi 23, huzaa watoto 8 hadi 12, na anaweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja baada ya kujifungua. Majike wawili wakizaa mara nne tu, watoto kumi kila mara, ni panya 80. Na wale watoto nao wakifika wiki 5 wanaweza kupandana.

Nyoka hawezi kuwamaliza. Ziada itauzwa, itapewa rafiki, itabadilishwa na ya mfugaji mwingine. Virusi vya Wisconsin vilisafiri kwa njia hiyohiyo. Kwa nyoka mmoja, sioni faida ya kufuga.

Basi wa kugandishwa ni salama? Barafu si inaua vijidudu?

Salmonela haifi kwa barafu, inasinzia tu. Mwaka 2010 kampuni moja ya Marekani ilirudisha panya wake wa kugandishwa kutoka sokoni baada ya watu kuugua. Lakini panya wa barafu hakuumi, hakojoi, hapeperushi vumbi, kwa hiyo ndiye ninayempendekeza. Awekwe kwenye friza yake, si pamoja na nyama na samaki wenu. Ayeyushwe ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye beseni lisilotumika kwa chakula. Maikrowevu hapana. Mikono ioshwe kwa sabuni, hata baada ya kumshika nyoka, maana naye hubeba salmonela bila kuugua. Huyo wa miaka 3 asimguse kabisa.

Kijana akikataa kuacha?

Basi vizimba vikae gereji yenye hewa, mbali na jiko na chumba cha kufulia. Asifagie maranda makavu. Ayaloweshe kwanza kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, asubiri dakika 5, ndipo ayazoe akiwa na glavu. Nguo za kazi hiyo asiingie nazo sebuleni. Mjamzito asikaribie.

Akiumwa na panya?

Aoshe kidonda kwa sabuni na maji, aende kwa daktari hata kama ni mchubuko. Homa ya kuumwa na panya huja kwa kawaida siku 3 hadi 10 baadaye, kidonda kimeshapona na kusahaulika: homa, kutapika, viungo kuuma, vipele kwenye viganja na nyayo. Penisilini inaitibu vizuri. Isipotibiwa inaweza kuua, na daktari hawezi kuifikiria asipoambiwa kuna panya nyumbani. Mwambie hata asipouliza.

Na hawa wanne tufanyeje?

Wasiachiwe nje, wala asipewe rafiki wa shule. Daktari wa mifugo anaweza kuchukua damu ikapimwe virusi vya Seoul. Ila madume na majike watenganishwe leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Kisha hesabu siku 23. Kizimba cha majike kikibaki bila vitoto, mmenusurika.